TAA NYEKUNDU IKITOKA YA CHUNGWA, TUSIISINGIZIE KAMERA

Wadau, leo naomba tuongelee jambo ambalo wengi watasema ni dogo: rangi za taa za magari kwenye picha. Kila mwenye kamera, au mwenye simu nzuri, ameshakutana nalo. Umepiga picha ya gari jioni. Kwa macho yako uliziona taa za nyuma zikiwa nyekundu kabisa, lakini kwenye picha zimetoka za chungwa, au njano, au zimekuwa nyeupe katikati kama yai lililokaangwa. Taa za mbele zimepata ubluu ambao hukuuona. Kimulimuli cha polisi kimegeuka zambarau. Na taa nyingine, ambazo unajua fika kwamba zilikuwa zinawaka, zinaonekana zimezimwa.

Lawama nazo huwa ni zile zile. Kamera hii mbovu. Simu hii feki. Ningekuwa na lenzi ya milioni tatu, mngeona. Halafu mtu anakopa, ananunua kamera mpya, anarudi barabara ile ile saa ile ile, na taa zinatoka za chungwa vile vile.

Wahenga walishasema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Msimamo wangu ni huu: rangi ya taa kwenye picha ya gari ni uamuzi wa mpiga picha. Hata ukiiacha kamera ikuamulie kila kitu, huo nao ni uamuzi wako. Na kama picha hiyo inakwenda gazetini, au kwa mtu anayetaka kununua gari, au kwa watu wa bima, unawajibika kwa rangi hiyo kama ninavyowajibika mimi kwa jina la mtu ninaloliandika kwenye habari. Nitajaribu kueleza kwa nini nasema hivyo, na nini kifanyike. Mtavumilia, maana kuna ufundi kidogo ndani yake.

RANGI YA TAA NI LUGHA

Tuanze na swali la msingi. Kwani kuna ubaya gani taa nyekundu ikionekana ya chungwa? Si picha imependeza?

Ubaya upo. Gari lina rangi za aina mbili. Kuna rangi ya bodi, ambayo ni hiari ya mwenye gari. Akitaka zambarau yenye maua, shauri yake. Lakini rangi za taa si hiari yake. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao nchi nyingi duniani zinaufuata, umeweka utaratibu ambao sote tunaujua hata kama hatujawahi kuusoma: mbele nyeupe au njano maalumu, nyuma nyekundu, indiketa ni za rangi ya chungwa. Ndiyo maana usiku wa manane ukiwa Chalinze unaona nukta mbili nyekundu kwa mbali na unajua papo hapo kwamba huyo anakwenda uelekeo wako. Ukiona mbili nyeupe, unajua anakuja. Hakuna aliyeandika neno, lakini umeshasoma sentensi nzima.

Sasa chukua picha ambayo taa nyekundu ya breki imegeuka ya chungwa. Hiyo imeshakuwa indiketa! Dereva aliyekuwa anasimama, kwenye picha yako anakata kona. Umekosea herufi moja na maana ya sentensi imebadilika.

Nitoe mfano mwingine ambao naupenda sana. Ufaransa, kuanzia miaka ya 1930 hadi mwaka 1993, magari yalitakiwa kisheria kuwa na taa za mbele za njano. Njano hasa, siyo nyeupe iliyochoka. Ukiangalia picha za rangi za mitaa ya Paris za miaka ya 1960 au 1970, zile taa za njano zinakuambia uko nchi gani na unakaribia enzi gani. Sasa fikiria kijana mmoja leo anazipitisha picha hizo kwenye programu, anabonyeza kitufe cha kusahihisha rangi, na programu kwa nia njema kabisa inazisafisha taa zote ziwe nyeupe. Picha itapendeza, lakini kipande cha historia ya Ufaransa kitakuwa kimefutwa kwa kubonyeza mara moja. Programu haikujua kwamba ile njano ilikuwa sheria ya nchi. Aliyepaswa kujua ni mtu.

Kwa hiyo tukubaliane kwamba jambo hili si la urembo tu. Sasa twende kwenye ugonjwa wenyewe. Kwa ninavyoona mimi, rangi za taa huharibika kwa njia tatu kubwa, na kila moja ina dalili zake. Ukijua dalili, hutapoteza hela kununua dawa ya ugonjwa ambao huna.

UGONJWA WA KWANZA: NDOO IMEJAA

Ndani ya kamera ya kidijitali kuna sensa yenye vijitundu vingi vya kupokea mwanga. Sensa yenyewe haijui rangi. Inajua mwanga mwingi na mwanga kidogo, basi. Rangi inapatikana kwa sababu juu ya kila kijitundu kuna kichujio kidogo, chekundu, cha kijani au cha bluu. Mpangilio unaotumika kwenye kamera nyingi hadi leo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Nusu ya vichujio ni vya kijani, robo vyekundu, robo vya bluu.

Fikiria ndoo tatu zimepangwa uani mvua inanyesha: nyekundu, kijani na bluu. Rangi ambayo kamera inaandika ni uwiano wa maji katika ndoo hizo tatu. Taa ya nyuma ya gari ikimulika, ndoo nyekundu inajaa haraka sana, huku zile nyingine zikipata matone tu. Hapo rangi inasomeka vizuri: nyekundu. Lakini ukiiacha mvua inyeshe zaidi, ndoo nyekundu inafika ukingoni na haiwezi kupokea tena. Maji yake yanamwagika. Ya kijani bado ina nafasi, inaendelea kupanda tone kwa tone. Nyekundu imejaa, kijani kinapanda: hiyo inasomeka kama chungwa. Kijani kikipanda zaidi unapata njano. Na ya bluu ikijaa pia unapata nyeupe. Hapo ndipo lilipotoka lile yai la kukaanga.

Kwa nini hutokea jioni zaidi? Kwa sababu barabara ni giza na taa ni kitu kidogo katika fremu. Kamera inapima fremu nzima, inaona giza, inaamua kuongeza mwanga. Inaiokoa lami na kuiunguza taa. Kimulimuli cha bluu cha polisi ni ndugu wa tatizo hili hili: ndoo ya bluu inafurika, na rangi inakimbilia zambarau au nyeupe.

Dalili yake ni rahisi sana. Tazama katikati ya taa, halafu tazama mwanga wake ulioanguka kwenye lami au kwenye bampa. Kama katikati ni ya chungwa au njano lakini kwenye lami bado ni nyekundu safi, ndoo imejaa. Ile ya kwenye lami ni taa ile ile, ila mwanga wake umepungua, ndoo haikufurika, ndiyo maana rangi imebaki salama.

Dawa yake ni kupunguza mwanga unaoingia. Usiiamini grafu moja ya mwanga inayojumlisha rangi zote, kwa sababu inaweza kukuambia mambo ni shwari huku ndoo nyekundu peke yake ikifurika. Kamera nyingi zinaweza kuonyesha grafu tatu, moja kwa kila rangi. Iangalie ile nyekundu. Ikiwa imegandamana ukutani upande wa kulia, punguza mwanga, piga tena. Kwenye simu, gusa taa kwenye kioo halafu uvute mwanga chini hadi wekundu urudi. Gari litakuwa giza kidogo? Ndiyo. Giza linaweza kuongezewa mwanga baadaye. Rangi iliyomwagika haizoleki.

Au chagua saa nzuri. Wapiga picha wa magari wanapenda dakika chache baada ya jua kuzama, wakati mwanga wa anga na mwanga wa taa vinakaribia kulingana. Hapo kamera hailazimiki kuchagua kati ya bodi na taa. Ila kuna mtego. Maelekezo mengi ya upigaji picha yameandikwa na watu wa kaskazini. London mwezi Juni wana dakika kama 45 za mwanga wa baada ya machweo, mtu anaweza kunywa chai katikati. Sisi wa karibu na ikweta hatuna anasa hiyo. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:45 jioni hivi mwaka mzima, na baada ya hapo una dakika kama 20 tu kabla giza halijafunga. Ukifika na gari umechelewa kwa sababu ya foleni, umekula hasara ya siku. Kwa hiyo panga kila kitu mapema, gari liwe limeshaoshwa na kusimama mahali pake kabla jua halijazama.

UGONJWA WA PILI: KAMERA INAYOTAKA KUKUFURAHISHA

Huu ni ugonjwa wa mizani ya weupe, yaani ule mpangilio unaoiambia kamera nyeupe ni ipi. Kila mwanga una rangi yake, na mafundi huipima kwa kelvini. Mshumaa uko kwenye 1,900 hivi. Balbu ya kawaida ya halojeni ya gari iko kwenye 3,200 hivi, njano njano. Taa za zenoni zinazotoka kiwandani ziko karibu na 4,300. Jua la mchana ni kama 5,500, na taa nyingi za LED za magari mapya ziko hapo au juu yake kidogo. Kivulini chini ya anga la bluu hufika 7,000 na kupita. Namba ikipanda, mwanga unaelekea bluu.

Macho yetu yana tabia ya kuzoea. Ukikaa kwenye gari lenye halojeni dakika kumi, ubongo unakuambia mwanga ule ni mweupe. Kamera haizoei, inabahatisha. Ukiiweka otomatiki inatazama fremu, inakisia nyeupe ni ipi, na inasukuma rangi zote upande mmoja. Ikisukuma kuelekea bluu ili kusafisha njano ya taa za barabarani, zile taa za LED za gari ambazo zilikuwa nyeupe zinageuka bluu. Hukuuona ubluu ule kwa sababu haukuwepo. Ulitengenezwa.

Ushahidi mzuri kabisa wa tabia hii ulionekana tarehe 9 Septemba 2020 kule San Francisco, Marekani. Moshi wa moto wa misituni ulifunika jua, anga la mji mzima likawa la chungwa mchana, magari yakatembea yamewasha taa. Watu walitoa simu wapige picha ya maajabu yale, na simu nyingi zikawapa anga la kijivu. Programu ilikuwa imefundishwa kwamba anga haliwezi kuwa la chungwa saa hizo, kwa hiyo ikalisahihisha. Mtu amesimama pale, anaona kwa macho yake, na simu yake inamwambia unaota.

Dalili ya ugonjwa huu ni kwamba picha nzima imeegemea rangi moja. Kama ni kosa la mizani, hata namba ya gari, hata shati jeupe la mpita njia, vyote vina doa la rangi ile ile. Dawa: toa otomatiki. Weka kwenye jua, au weka karatasi nyeupe mbele ya gari kwenye mwanga ule ule na uiambie kamera hii ndiyo nyeupe. Halafu usiibadilishe hadi umalize kazi. Na kama kamera yako inatoa faili ghafi, yale yanayoitwa RAW, yatumie. Ndani ya faili ghafi mizani ya weupe inarekebishika baadaye bila hasara. Ndoo iliyofurika haisameheki hata huko.

Kuna jambo moja hapa halina dawa, na ni vizuri kulikubali. Mtaa wa usiku una mianga mingi kwa pamoja: halojeni ya gari, LED ya duka, na ile taa ya njano ya sodiamu ya barabarani. Hakuna mpangilio mmoja unaoweza kuziweka zote sawa. Tena ile ya sodiamu ni balaa zaidi, kwa sababu mwanga wake umerundikana kwenye njano, bluu karibu haipo. Gari la bluu chini yake linaonekana jeusi. Huwezi kurudisha bluu ambayo haikumulikwa. Chagua kitu kimoja ambacho lazima kiwe sahihi, taa za gari ikiwa habari yako ni gari, na viache vingine viwe jinsi vilivyo.

Na tusisahau kwamba wakati mwingine kamera iko sawa kabisa. Taa za mbele zenye lenzi ya duara kama jicho huwa na ukingo wa bluu au zambarau pale mwanga unapokatika, kwa sababu kioo cha lenzi hupasua mwanga kidogo kama upinde wa mvua. Ukisogea hatua moja, au ukichuchumaa, rangi inabadilika. Hilo ni gari, wala siyo kamera.

UGONJWA WA TATU: TAA INAYOKONYEZA

Huu ndio unaonifanya niandike leo.

Taa nyingi za LED hazipunguzwi mwanga kwa kupunguziwa umeme polepole kama balbu ya zamani. Huwashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa, mara mia na zaidi kwa sekunde. Jicho haliwezi kufuatilia, linaona taa inayowaka kwa upole. Taa nyingi za nyuma zinafanya hivyo ili zifiche usiku bila kumuumiza aliye nyuma, halafu dereva akikanyaga breki zinawaka kwa nguvu. Sasa wewe piga kwa kasi ya sehemu 1 ya 500 ya sekunde, au 1 ya 2,000. Unaweza kabisa kuinasa taa katika ule muda mfupi ilipokuwa imezimwa. Kwenye picha, gari halina taa. Hata kibao cha kielektroniki cha basi kinachoonyesha linakokwenda unaweza kukikuta nusu kinasomeka na nusu ni giza.

Mnaona hatari iko wapi? Nimewahi kusoma maelezo chini ya picha moja ya ajali, gazeti sitalitaja, yakisema gari la mbele lilikuwa likitembea bila taa za nyuma. Ushahidi pekee ulikuwa picha ya kabla ya ajali iliyopigwa na mpita njia. Labda ni kweli taa zilikuwa mbovu. Labda zilikuwa zinakonyeza. Picha moja haiwezi kukuambia. Lakini sentensi ile imeshamhukumu dereva mbele ya mke wake, mbele ya tajiri yake, mbele ya watu wa bima, pengine mbele ya trafiki. Mtu anaweza kupoteza leseni na ugali wa watoto kwa sababu ya sehemu 1 ya 500 ya sekunde.

Dalili: taa zinatofautiana kutoka picha hadi picha, ingawa hukubadilisha chochote. Dawa: piga polepole, 1 ya 60 ya sekunde au chini yake, ili mizunguko kadhaa ya kuwaka na kuzima iingie ndani ya picha moja. Na hapa ndipo watu wanapojifunga kamba. Wanataka kuponya ugonjwa wa kwanza, ndoo kujaa, kwa kuongeza kasi ya shata, na wanaukaribisha ugonjwa wa tatu. Acha kasi ilipo, punguza uwazi wa lenzi, au shusha ISO. Weka kamera juu ya ukuta au stendi ili isitikisike. Piga picha kumi badala ya moja. Na la muhimu kuliko yote, tazama kwa macho yako na uandike ulichokiona kwenye daftari.

"NITAREKEBISHA KWENYE KOMPYUTA"

Najua kuna mtu ameshaanza kunicheka. Kaka, dunia ya leo unahangaika na ndoo? Piga tu, ukifika nyumbani unaipaka taa wekundu kwenye kompyuta, kwisha habari.

Kwa tangazo la biashara, sawa. Kwa kalenda, sawa. Kwa picha ya kubandika ukutani, paka hata dhahabu, ni sanaa yako. Lakini kwa picha ya habari?

Mwaka 2006 gazeti la The Charlotte Observer la Marekani lilimfukuza kazi mpiga picha wake kwa sababu ya rangi. Alikuwa amempiga picha mzimamoto juu ya ngazi, jua likiwa nyuma yake, na anga lililochapishwa lilikuwa jekundu lililokolea ambalo halikuwa kwenye faili la awali. Utetezi wake ulikuwa kwamba alitaka tu kurudisha rangi aliyoiona kwa macho, ambayo ilipotea alipopunguza mwanga ili kukwepa ukali wa jua. Sikilizeni utetezi huo vizuri, kwa sababu ndio ule ule wetu: kamera iliharibu, mimi nimerudisha. Wahariri hawakuukubali. Na hiyo haikuwa mara yake ya kwanza, miaka mitatu kabla alikuwa amenyang'anywa tuzo kwa mambo ya namna hiyo.

Wengine watasema alionewa. Mimi namhurumia lakini nipo upande wa wahariri. Kumbukumbu ya rangi ni kitu chepesi mno. Saa tatu baada ya tukio, ukiwa ofisini na mhariri anakusubiri, wekundu ulioukumbuka unazidi kukolea kila unapoutazama. Ukirekebisha mizani kwa kutumia kitu cheupe kilichomo ndani ya picha yenyewe, una sababu unayoweza kumweleza mtu. Ukipaka rangi mahali ambapo faili halina rangi, unasimulia hadithi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba uamuzi ufanyike barabarani, taa ikiwa mbele yako inawaka, ambapo unaweza kulinganisha kioo cha kamera na kitu chenyewe.

Na wale wa yadi za magari nao wana lao. Siku hizi watu wananunua gari kwa kutazama picha. Tanzania na Kenya magari mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, na mnunuzi analipia kitu alichokiona kwenye skrini tu. Sasa angalia taa za mbele. Kava zake ni plastiki ngumu ya polikaboneti, na jua likizipiga miaka mingi zinapata ukungu na kuwa njano. Mtaani watu wanazisugua hata kwa dawa ya meno. Lakini kuna usafishaji rahisi kuliko dawa ya meno: sukuma mizani ya weupe kuelekea bluu kidogo, na njano yote inapotea bila kugusa gari! Mnunuzi anaona taa kama kioo, gari linashuka bandarini na macho yenye mtoto wa jicho. Muuzaji akibanwa anasema, samahani mzee, ni kamera. Kumbe ni yeye.

Ukiwa mnunuzi, jilinde hivi: tafuta kitu cheupe ndani ya picha, karatasi, kibao cha namba, mstari wa maegesho. Kama mstari mweupe umeegemea bluu, jua kwamba njano imefichwa mahali. Omba picha nyingine iliyopigwa mchana, taa zikiwa zimezimwa, na ya pili zikiwa zinawaka. Muuzaji mkweli hatakataa.

TUFANYE NINI

Kwa kifupi wadau, kabla ya kulalamika ulizeni maswali matatu. Katikati ya taa ni njano lakini lami ni nyekundu? Punguza mwanga. Picha nzima imeegemea rangi moja? Toa otomatiki. Taa zinabadilika kila picha? Punguza kasi ya shata. Yote matatu yanatibika kwa kamera uliyonayo sasa hivi, bila kukopa kwa mtu.

Na kwa wenzangu wa vyumba vya habari nina ombi moja tu. Tunamuuliza mwandishi: una uhakika na jina hili? Umempigia simu? Naomba tuanze kumuuliza mpiga picha vile vile: taa hizi zilikuwa rangi gani? Zilikuwa zinawaka? Ulitazama? Kama hawezi kujibu, picha inaweza kutoka, lakini sentensi inayosema gari halikuwa na taa isitoke. Maelezo ya picha yasidai kitu ambacho mpiga picha hawezi kukitolea ushahidi akiitwa.

Dereva yule wa gari la mbele hajui chochote kuhusu mizani ya weupe wala kasi ya shata, na hana sababu ya kujua. Hiyo ni kazi yetu.

Nawasilisha.